Shefu wa Labo na Mawe ya Nyongo

Sitasema alizaliwa wapi. Sitasema baba yake alikuwa nani, wala babu yake alishuka kwenye treni ipi, wala lugha aliyohesabia kimoyomoyo. Katika miaka ninayoieleza, hapa Likasi, vijana wenye fimbo waligonga milango mchana kweupe wakiuliza hayo hayo, na mtu ambaye jibu lake halikuwapendeza alifunga virago au alizikwa. Mimi sikumuuliza wakati ule. Sasa ni mzee, siwezi kuanza kufanya kazi ya wale vijana.

Basi nitamwita vile mtaa mzima ulivyomwita: Shefu wa Labo. Labo ni maabara, chumba cha kupimia madini katika kiwanda cha shaba. Alikuwa mkuu wa chumba hicho mpaka mishahara ilipokatika, mashine zikanyamaza moja moja, na mlango ukatiwa kufuli. Alihamishia kazi yake nyumbani, nyumba ya nne kutoka kwangu, kwenye barabara ya kwenda Kamatanda.

Na mimi ni nani hata niandike juu ya mtu wa sayansi? Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi, basi. Nilianza kiwandani kwa kupaka grisi, nikatoka, nikajenga karakana ya pampu na tairi kwa mikono hii. Hakuna mjomba waziri aliyenisaidia. Kuandika nilijifunza kwa kuandika majina ya wateja kwenye pampu zao. Sentensi yangu ikipinda, ipite hivyo hivyo. Jambo lenyewe limenyooka.

Alitembea kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Fremu ya mlango wake aliibandika vipande vya tyubu ya baisikeli, alivyochukua kwangu, ili mlango usigonge. Ukiingia kwa nguvu alikupokea kwa neno moja kabla ya salamu: "Musitikishe!" Neno hilo aliliambia kila kitu. Aliiambia treni ya madini, aliiambia radi, alimwambia jirani aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani kwake.

Kilichokuwa hakitakiwi kutikiswa ni mitungi yake ya kioo. Humo alitia maji ya moto, akayeyusha sulfate ya shaba mpaka maji yakakataa kumeza zaidi. Kisha akaning'iniza punje moja kwa uzi wa kushonea na kuufunika mtungi kwa blanketi. Maji yakipoa polepole, punje inakula kile maji yanachoachilia, inakua siku kwa siku. Inatoka buluu, pande zake zimekatwa mshazari, kona kali kabisa. Vitabu vya Kiswahili safi vinaita kitu hicho fuwele. Sisi tulisema kristali. Mimi nimepiga tupa maisha yangu yote na sijawahi kukata uso ulionyooka namna ile. Niliona wivu, nasema wazi.

"Nani anaikata?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Hakuna muntu."

"Acha bongo, Shefu, acha kunidanganya. Kitu hakijikati chenyewe."

"Hakuna muntu, injinia. Kila kapande kanajua jirani yake anakaa namna gani, kanakaa vile vile. Paka hivyo, hivyo tu. Lakini ukiitikisha, inaogopa, inazaa bitoto bidogo bidogo bya bure."

Aliniita injinia. Mwanzoni nilidhani ananicheka, nikamwambia waziwazi kwamba nitamvunja pua. Akashangaa. Kumbe kwake mtu anayeweza kufanya maji yapande kilima ni injinia, habari ya karatasi haikumhusu. Tangu siku hiyo mlango wangu ulikuwa wake.

Alisema kwamba kristali huogopa. Yeye aliogopa kuliko kristali zake zote. Sijapata kuona mwanaume mwingine anayesema "minye naogopa", yaani mimi naogopa, kama wengine tunavyosema tuna njaa. Aliogopa mbwa, hata mbwa wa padri aliyekuwa kipofu. Aliogopa madaraja. Asidi, ambayo ingemla mkono mpaka mfupa, aliishika kwa utulivu kama chai. Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na aliimba vibaya kwa sauti kubwa. Nilipomuuliza kwa nini hakai mbele kama watu wa heshima, alisema mbele ni mbali na kutoka.

Siku askari walipoanza kupora maduka ya mjini, sisi wa mtaani tulilala chini ya vitanda mpaka milio ya bunduki ikapungua, kama saa tisa mchana. Nilitambaa uani kwa uani kwenda kuona kama yuko hai. Nilimkuta sakafuni, amelala ubavu, amekumbatia mtungi tumboni. Jasho linamtoka, meno yanagongana.

"Shefu, amka. Wameenda."

"Injinia, nishike taya."

"Nini?"

"Taya. Meno yangu yanatikisha maji. Hii kristali iko na siku makumi ine."

Nikamshika taya kwa mikono miwili. Wanaume wazima wawili, sakafuni, mmoja anamshika mwenziwe mdomo ili maji yasitikisike, na nje mtu anapiga risasi hewani. Nami niliogopa, lakini sikumwambia. Mimi sikuwa na mazoea ya kusema kwamba naogopa. Nilikuwa patron, bosi wa karakana.

Alikuwa na hadubini, aliyouziwa na padri mzee aliyekuwa anarudi kwao. Chini yake aliweka kioo cheusi, juu kioo kingine cheusi. Akikizungusha cha juu, mwanga unazimika, unaona giza tupu. Kisha akatia punje ya chumvi katikati. Giza. Akatia punje ya sukari. Mungu wangu! Manjano, waridi, kijani, kama kitenge cha sikukuu.

"Chumvi iko sawa pande zote," alisema. "Mwangaza unapita, haukute kitu cha kuugeuza. Sukari iko na upande."

Nilitaka kuona tena. Alikataa. Alikuwa mkarimu wa unga, ungemkuta anagawa kikombe chake cha mwisho kwa mjane, lakini sukari aliificha ndani ya soksi. Punje zile alizokuwa amenionyesha alizikung'uta kutoka kwenye kioo, moja moja, akazirudisha kwenye chai yake.

Jambo lake kubwa, lililomnyima usingizi, lilikuwa kitu alichokiita kristali ya maji. Hapo tuligombana. Nilimwambia kitu ni kigumu au ni maji, hakuna cha tatu, na asinifundishe maji mimi mtu wa pampu. Wakati huo king'ora cha kiwanda kilikuwa bado kinalia asubuhi. Akanivuta mkono mpaka barabarani, na tulikuta watu wanaenda kazini: wa miguu, wa baisikeli, wengine wananing'inia kwenye taksibasi.

"Bako kwa mistari kama basoda ba gwaride?"

"Hapana. Wanasukumana tu."

"Banapitana?"

"Wanapitana."

"Sasa, ni maji. Angalia nyuso."

Nikaangalia. Kila mmoja alikuwa mahali pake pa ovyo, anatiririka, anapita, anapitwa, na nyuso zote zimeelekea lango la kiwanda. "Iko maji kwa kutembea, iko kristali kwa kuangalia," alisema. "Njo kitu yangu." Ndiyo hiyo, kristali yake ya maji. Mimi nilikuwa nimetembea katika mto ule miaka kumi na moja na sikuwahi kuuona. Sikugombana naye tena juu ya jambo hilo.

Kitu hicho alikuwa anakipika kutokana na mawe ya nyongo. Hapa ndipo habari ya mke wangu inapoingia.

Mke wangu aliumwa ubavu wa kulia miaka miwili, kisha wakampasua hospitalini. Daktari akanipa mawe yaliyotoka ndani ya mfuko wake wa nyongo, kumi na moja, ya manjano, yamefungwa kwenye karatasi. Nilitaka kuyatupa chooni. Shefu aliposikia alikuja mbio, ndiyo mara ya kwanza nilimwona anakimbia. Alituambia mawe yale ni mafuta ya aina fulani yaliyoganda mwilini, na vitabuni alikuwa amesoma kwamba kristali ya maji ya kwanza kabisa duniani ilipikwa kutokana na mafuta ya aina hiyo. Aliyaomba kwa heshima, amevua kofia.

Mke wangu akacheka mpaka akashika mshono. "Kumbe nilikuwa nabeba mapambo ndani ya tumbo, na huyu papa, bwana yangu, ananinyima hereni! Chukua, Shefu. Lakini ukitengeneza mukufu, ni wangu."

Aliyaponda, akayachemsha kwenye alkoholi, akachuja, akaacha yapoe ndani ya sanduku la vumbi la mbao. Asubuhi tulikuta magamba meupe yanang'aa kama ya samaki. Kisha akayapika pamoja na kitu alichokitoa kwenye mafuta ya mawese. Kilichobaki kilikuwa uji mzito usio na sura. Akaupaka kwenye kipande cha tyubu nyeusi, kwa sababu rangi haionekani ila juu ya weusi, akaufunika kwa kioo chembamba, akamwambia mke wangu aweke kidole. Chini ya kidole uji ukawa mwekundu, kisha kijani. Alipokiondoa, kijani kikarudi nyekundu, kikafa.

"Inasikia joto," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kanisani.

Hiyo ndiyo kazi aliyotaka kuifanya kabla hajafa. Vipimajoto vya hospitali vilikuwa vimevunjika au vimeibwa. Alitaka kipande cha mpira ambacho mama yeyote, hata asiyejua kusoma, angeweka kwenye paji la mtoto: kijani, lala; buluu, kimbia hospitali. Mchanganyiko ulimsumbua. Mara ulibadilika rangi kwenye maji ya chai, mara ulibadilika kwa pumzi tu. Muuguzi mmoja wa chumba cha upasuaji akaanza kumletea mawe ya wagonjwa wengine kwenye kopo la maziwa, na Shefu akaandika kila jaribio kwenye daftari, kwa herufi ndogo, kwa penseli aliyoifunga uzi shingoni.

Siku moja ulikubali. Ulikuwa kijani kwenye paji la mtu mzima. Na wiki hiyo hiyo mama wa nyumba ya pili kutoka kwake alikuja na binti yake mdogo mgongoni, anachemka. Shefu akaweka mpira. Ukawa buluu, buluu kali, naona mpaka leo. Akamwambia mama yule, "Enda hospitali, sasa hivi, usipite nyumbani." Mama akaenda. Huko hapakuwa na dawa ya kutundika wala sindano. Mtoto akafa kabla ya jioni.

Mama yule hakumlaumu. Wengine ndio waliosema kwa niaba yake. Kwanza walisema mpira ulijua. Halafu, ulijuaje? Halafu, mpira uliita. Halafu mtu akakumbuka kopo la maziwa: anapika mawe ya matumbo ya watu, anayapaka kwenye mpira, anauweka kwenye kichwa cha mtoto wako, na rangi ikibadilika mtoto amekwisha nunuliwa. Mtu aliyekuwa amefundisha nusu ya mtaa namna ya kuchuja maji sasa akawa mulozi, mchawi. Tena walimwita mgeni, kwa sababu mwaka huo mulozi na mgeni walikuwa neno moja midomoni mwa vijana.

Nilimwambia aondoke. Nilikwenda kwake, nikafunga mlango polepole kama alivyopenda.

"Shefu, funga mizigo. Kesho ni kwako."

"Naogopa kuondoka," alisema.

"Na kukaa?"

"Kukaa pia naogopa. Minye naogopa pande zote, injinia, kama chumvi." Akajaribu kucheka. "Nipe siku mbili. Iko mutungi mumoja haujapoa."

Ningemkamata kwa shingo nikamtupa kwenye lori. Sikufanya hivyo. Nilikasirika, nikamwambia afe na mtungi wake, nikarudi kwangu.

Walikuja saa nne asubuhi. Nilikuwa naziba tyubu. Niliona kwanza nyuso, nyuso zote upande mmoja, upande wangu, halafu ndipo nikaona fimbo. Aliyewaongoza alikuwa kijana mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani. Nilikuwa nimemtengenezea baisikeli yake mara mbili.

"Jambo, patron."

"Jambo."

"Shefu wa Labo ni rafiki yako?"

"Minye? Ananunua mpira, nauza mpira."

"Banasema anapika mawe ya tumbo ya bamama. Ni kweli?"

Mawe ya kwanza nilikuwa nimeyabeba mimi mwenyewe, kwenye mfuko wangu wa shati. Ningesema: ni ya mke wangu, mimi nilimpa, daktari ndiye aliyeyatoa. Maneno machache tu hayo.

"Sijue," nilisema. "Minye ni muntu wa pampu. Ya labo siyajue."

"Bon, vizuri. Tupe tairi moja, patron. Ya zamani tu."

Mwenzake akacheka nyuma. Tairi lilikuwa la nini, hakuna aliyehitaji kuelezwa mwaka ule. Unamvisha mtu shingoni, unamwaga petroli, unawasha. Kibiriti na kichupa niliviona, amevishika kijana wa pembeni ambaye hata ndevu hazijaota.

Nimekwisha sema mimi ni mtu wa kusema wazi. Niliinua kidevu kuelekea lundo la tairi kuukuu. Nikasema, "Chagueni."

Wakachagua. Mmoja akaliviringisha barabarani kwa mkono, kama mchezo.

Mke wangu alitokea nyuma ya pazia la mlango wa uani. Alikuwa amesikia yote.

"Papa. Umebapa bale batoto tairi?"

"Nyamaza, mama. Wakirudi ni sisi."

"Mawe ni yangu."

"Nyamaza, nasema!"

Hakunyamaza wala hakupiga kelele. Alivua malapa, akavaa viatu vyake vyeusi vya misa, akafunga mkanda wa kiatu kwa buckle moja, akafunga ya pili, akatoka. Nilimfuata. Nataka iandikwe kwamba nilimfuata, na nataka iandikwe pia kwamba niliishia kwenye nguzo ya umeme, hatua thelathini nyuma, na nguzo ile niliikumbatia.

Mlango wa Shefu ulikuwa umevunjwa. Mitungi ilikuwa inarushwa nje, maji ya buluu yanatiririka kwenye ngazi. Yeye hawakuwa wamemwona bado. Walikuwa wanamtafuta chini ya kitanda, darini, chooni. Mke wangu akapenya katikati yao akasimama kizingitini.

"Munatafuta mwenye mawe? Mwenye mawe ni minye."

Kelele zikapungua.

"Mama, ondoka hapa," alisema yule mrefu. "Hii si maneno yako."

"Tumbo ni yangu, maneno ni ya nani? Daktari alinipasua, akatoa mawe, nikamupa huyu muntu bure. Kovu iko hapa." Akaweka mkono kwenye fundo la kitenge chake. "Munataka kuiona? Nitavua. Nitavua yote, batoto yangu, hapa, mchana, na muone kwenye mulitokea."

Mtu wa mbali hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Kwetu mama aliyezaa, akivua nguo kwa hasira mbele ya vijana walio sawa na watoto wake, wanachokiona kinakaa nao mpaka kaburini, na hakuna padri wala mganga wa kukitoa. Fundo likalegea. Nguo ikashuka kidole kimoja. Niliona kutoka kwenye nguzo yangu: yule mrefu alikuwa wa kwanza kugeuza uso, akafunika macho kwa mkono wenye fimbo.

"Mama, acha! Pardon, mama, acha!"

Wakarudi nyuma kwa kukanyagana. Mmoja aliondoka na hadubini, mwingine alilivunja dirisha la mwisho lililobaki, nadhani kwa aibu. Kijana wa kibiriti alikimbia peke yake upande mwingine. Tairi likabaki limelala kwenye ngazi, ndani ya maji ya buluu.

Mke wangu akafunga kitenge chake, fundo mara mbili. Akaliinua tairi, akaliviringisha barabara nzima mpaka karakana, akaliweka juu ya lundo pale lilipotoka.

"Hii ni yako," alisema.

Hakuwahi kulizungumza tena. Siku hiyo alipika, tukala. Tumeendelea kula pamoja miaka yote.

Shefu hakuonekana. Tulisikia yuko stesheni, kule walikojazana wale waliofukuzwa, wakingoja treni juu ya mabati na magodoro. Nilikwenda huko mara tatu. Nilipita kati ya familia zilizopika katikati ya reli, watoto wanakohoa, watu wananiangalia kwa hofu kwa sababu mimi sikuwa na mzigo, na mtu asiye na mzigo pale alikuwa mtu wa kuwadhuru. Sikumwona. Nasema ukweli: mara ya tatu nilitafuta haraka haraka, nikiomba nisimwone.

Ilipokaribia mwisho wa miaka ya tisini, niliitwa kutengeneza pampu ya kisima kwenye shule moja upande wa Mulungwishi. Nilikuwa nimelala kifudifudi, mkono ndani ya bomba, nikasikia ndoo inawekwa chini taratibu, bila mlio.

"Injinia."

Nikajua kabla sijageuka. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe, koti la mtu mwingine. Alikuwa anafundisha kemia pale, bila kemikali, kwa ubao tu na chaki.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya siku hii kwa miaka. Yote yalinitoroka. Nikabaki na haya: "Shefu, ile siku, minye njo nilibapa tairi."

"Najua."

"Nani alikuambia?"

Aliangalia ndoo. "Nilikuwa kwako. Nyuma ya matangi mabovu, uani. Nilikuja asubuhi kuomba mpira, nikasikia batu, nikajitia pale. Nilisikia 'chagueni'. Ilikuwa karibu, injinia, kama weye na minye sasa."

Sikuwa na pa kuweka macho. Grisi ilinitiririka kwenye kiwiko.

"Basi nitukane," nilisema. "Sema yote. Nipige kama unataka."

"Siwezi." Akajifuta chaki vidoleni. "Nilisikia mama anavaa viatu. Nilisikia buckle, moja, mbili. Nilijua kwenye anaenda. Anaenda kwangu, peke yake, kwa ajili yangu. Na minye nikabaki nyuma ya tangi. Nilijiambia sasa nitatoka. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Mutungi naweza kuulalia na risasi inapita. Kwa mama sikutoka. Ile njo kitu inaniogopesha mpaka leo. Fimbo, hapana. Ile."

Akainua ndoo, akaiweka tena chini taratibu.

"Mama eko muzima?" aliuliza.

"Eko. Goti tu linamuuma."

"Mwambie," alisema. "Weye utajua namna ya kumwambia. Mwambie nilikuwa kule, mwambie naomba..."

"Hapana."

"Injinia, tafazali."

"Niliulizwa mara moja niseme juu yako, nikasema 'sijue'. Sina mdomo wa kusema juu yako tena. Hii utasema mwenyewe."

"Naogopa."

Nikafuta mikono kwenye suruali. Nilikuwa na umri wa babu, na jina langu limeandikwa kwa rangi kwenye kamioneti yangu mwenyewe, gari langu la mizigo, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote neno lile.

"Minye pia," nilisema. "Panda."

Shefu akaenda darasani, akarudi bila koti, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, akapanda. Kwenye kila kizuizi cha askari alifumba macho, na mimi niliongea na askari, nikatania, nikatoa sigara, huku shati limenilowa mgongoni.

Tulipokata kona, mke wangu alikuwa mbele ya nyumba anapepeta maharagwe. Alisikia gari, hakuinua kichwa. Halafu akainua. Ungo ukasimama mikononi mwake.

Shefu alifungua mlango kabla sijasimamisha vizuri, akashuka karibu aanguke, akaanza kwenda. Nikazima moto wa gari. Nilikaa kidogo na usukani, nikimwangalia mgongo wake ukienda. Halafu na mimi nikashuka.